Kabla Hujaja Kuichukua

Umeniuliza, Tobin, utakuta nini njiani,
nami nimekaa na kahawa iliyokwisha poa
nikitafuta pa kuanzia.

Anzia Astoria. Elekea kusini. Usibishe.
Kiangazi upepo wa Oregon hushuka kutoka kaskazini
na haujawahi kumsikiliza mtu.

Siku ya kwanza utaringa.
Siku ya pili makalio yatakuambia ukweli.
Ya tatu utashuka ngazi za duka kinyumenyume,
na muuzaji hatacheka; ameona wengi.

Beba sarafu za senti ishirini na tano, nyingi.
Bafu la kambini lina njaa,
na maji ya moto hukatika povu likiwa machoni.
Mkate ufungie kwenye sanduku la chuma.
Kuna mnyama huko, mkia wa mistari, uso wa barakoa,
vidole vya fundi cherehani:
alifungua zipu ya mkoba wangu, akamaliza siagi ya karanga,
akaniachia kijiko. Safi. Amekiramba.

Malori ya magogo utayajua kabla hujayaona:
kwanza usukani utetemeke,
kisha harufu ya msonobari uliokatwa alfajiri,
kisha ukuta wa hewa, ukusukume, halafu ukuvute.
Shika usukani kama mkono wa mtoto mnapovuka barabara,
imara, bila kumuumiza.

Kuna handaki. Mlangoni pana kitufe;
ukikibonyeza, taa za njano zinapepesa
kuwaambia madereva kuna kiumbe ndani.
Nilikibonyeza mara tatu, nikaingia nikipiga mayowe,
nusu hofu,
nusu kwa sababu mwangwi ulikuwa mtamu.

Na ukungu.
Watu watakuimbia mandhari, mandhari.
Mimi siku nne nilipanda majabali juu ya bahari
nisiione bahari.
Niliisikia tu, chini huko kuliani,
ikihema kama ng'ombe zizini usiku.
Safari ndiyo hiyo. Hakuna wa kukurudishia nauli.

Jioni mtakutana wale wale:
mzee Wendell na redio yake isiyoshika kitu,
dada wawili kutoka Busan wanaopika wali wa kutosha watu sita
wakijifanya wamekosea kipimo.
Mtagawana kiraka, chumvi, habari za mlima wa kesho.
Majina ya ukoo hamtaulizana.

Yachats nililia. Pancha ya tatu, mvua, saa tano asubuhi.
Mama mmoja, Oleta Brandvold, alinitazama dirishani,
akatoka na bakuli la supu ya kome,
akakaa nami ukingoni mwa barabara
akinisimulia goti lake, daktari wake, daktari mwingine,
hadi gundi ikakauka.
Hakuniuliza ninalia nini.

Sasa hili, ambalo baba yako hajawahi kulisikia.
Siku ya tisa, karibu na Port Orford, niliangusha glavu.
Nikageuza baiskeli. Maili moja tu kurudi nyuma.
Ujue, siku nane nilikuwa najipongeza;
daftarini nimeandika, kwa herufi kubwa,
MIGUU YANGU IMEKUWA CHUMA.
Nikageuka,
na upepo ukanigonga kifuani
kama mlango unaobamizwa na mwenye hasira.
Gia ya mwisho. Mate yakinirudia usoni.
Maili moja, dakika arobaini,
na kila dakika nikizidi kumfahamu
aliyekuwa akikanyaga pedali tangu Astoria.

Glavu niliipata. Imo mfuko wa kushoto. Usiitoe.
Mnyororo nimeupaka mafuta, tairi la mbele ni jipya.
Breki ya nyuma inapiga kelele kwenye mteremko;
iache, ndivyo ilivyo.
Njoo Jumamosi, lakini si mapema sana.
Nataka kuizungusha mtaani mara moja,
upande ule wa upepo.